Tununue tenere, tusinunue jina

Wakati masomo yanakaribia kufunguliwa, na tena wakati kampuni zinalipa feza ya mwisho wa mwaka, neno moja linarudi mu nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Fungurume na Kipushi: «Papa, niko na lazima ya ordinatere.» Mutoto ameingia iniversite, na TFC haiandikwe na mukono. Mama anataka kufungua kakazi kadogo mbele ya lupango, kupiga makaratasi na kutosha fotokopi. Baba ambaye mukataba wake umekwisha anashika dekonti yake, anatafuta kitu cha kuzalisha mbele feza haijamwangika. Wote hawa wanafika mwisho ku meza moja ya soko. Wanaonyeshwa mashini nyeusi ya okazio, yenye etiketi inayongaa, na muuzaji anasema: «Papa, ile ingine iko i3, achana nayo. Kamata hii, iko i7, iko na nguvu, na bei ni moja.»

Ni juu ya maneno hayo tunataka kusema leo. Juu watu wengi wanalipa, wanabeba, wanafika ku nyumba na furaha. Kisha miezi michache mashini inachoka, programu ya mutoto inakataa kuingia, na feza imekwisha kwenda. Pengine muuzaji hakusema bongo. Etiketi ilikuwa ya kweli, na i7 ilikuwa i7. Ulizo ambalo hakuna aliyeuliza ni hili: i7 ya mwaka gani?

Sisi watu wa mugodi hatukupashwa kukamatwa na mutego wa namna hii.

Mukrezere akifika ku soko ya Musompo, karibu na Kolwezi, na mifuko yake ya shaba ao ya kobalti, hakuna munegosia anayemulipa juu tu jiwe ni la kijani kizuri. Wanaleta Metorex, ile mashini ya kupima, wanaigusisha ku jiwe, na namba inatokea: tenere. Kwa namba hiyo bei inapanda ao inashuka. Njo maana mabishano makubwa ya kule ni juu ya namba ile: Metorex ya nani imepima, nani ameisoma, juu ya nini hapa inaonyesha hivi na kwa jirani inaonyesha vingine. Hakuna muchimbaji anayekubali kwa moyo mweupe bei ya mufuko ambao hakuona tenere yake. Sasa mutu huyu huyu, siku anakwenda kununua ordinatere, anakubali kulipa mufuko uliofungwa. Anasoma jina ku mufuko, na jiwe halipimi.

Namba nyuma ya kistari

Prosesere njo ubongo wa ordinatere. Ni kisahani kidogo, upana wake karibu vidole viwili, kinachokaa juu ya karti mama, chini ya ventilatere. Hesabu zote zinapita humo: herufi unayoandika, picha unayofungua, kartasi unayotuma ku emprimante. Ndani yake mumejaa nyuzi nyembamba sana za shaba. Zamani nyuzi hizo zilikuwa za aluminiomu. Mwaka 1997 kampuni ya Marekani IBM ilitangaza kama imepata njia ya kuweka shaba pahali pake, na wengine wakafuata. Kwa hiyo kile kisahani si mugeni kwetu. Shaba inatoka Katanga ikiwa mabamba, inapita Kasumbalesa juu ya makamyo. Ordinatere nazo zinaingia kwa mupaka ule ule, zikitoka bandari ya Dar es Salaam ao ya Durban. Hakuna anayeweza kusema kama shaba ya mashini yako ilitoka Kamoto ao inchi ingine. Lakini ni haya kuuza jiwe kwa kupima, na kulinunua tena pasipo kupima.

Kupima si kazi ngumu. Prosesere za Intel, ambazo ni nyingi zaidi ku soko zetu, zina jina na namba. Jina ni Core i3, i5, i7. Namba inafuata nyuma ya kistari, na namba hiyo njo tenere. Tukamate mbili: Core i7-2600 na Core i3-8100. Kama namba iko na tarakimu ine, ile ya kwanza inaonyesha kizazi. Ile i7 ni ya kizazi cha 2, iliingia soko mwanzo wa mwaka 2011. Ile i3 ni ya kizazi cha 8, iliingia mwezi wa kumi wa mwaka 2017. Kama tarakimu ni tano, mbili za kwanza njo kizazi: i3-10100 ni ya kizazi cha 10, ya mwaka 2020, i3-12100 ni ya kizazi cha 12, ya mwanzo wa mwaka 2022.

Hizi mbili za kwanza zote ziko na mioyo ine, kama vile Wafaransa wanaita sehemu za ndani zinazofanya hesabu. Lakini moyo wa 2017 unatumika mbio kuliko moyo wa 2011. Ukiweka i3-8100 na i7-2600 pamoja, kijana anashinda muzee mu kazi nyingi, na anakula umeme kidogo: i7-2600 iliandikwa wati 95, i3-8100 wati 65. Kwa hiyo yule muuzaji aliyesema «ile ingine iko i3, achana nayo» pengine alikuwa anakuondoa ku mashini iliyokufaa.

Hatusemi kama i7, i5 na i3 ni sawasawa. Ndani ya kizazi kimoja, i5 inapita i3, na i7 inapita i5. Jina lina maana kati ya ndugu wa umri mumoja. Ukilinganisha muzee na kijana, ni mwaka njo unasema.

Kuna pia kampuni AMD, yenye prosesere zinazoitwa Ryzen. Ku soko zetu hazionekane sana mu mashini za okazio zilizotoka mu ofisi, lakini zipo, na mara nyingine bei yao ni nzuri. Ryzen 3 3200G ya mwaka 2019, kwa mufano, iko na mioyo ine na inatosha picha ku ekrani pasipo karti ingine. Mwenye kuipata kwa bei ya i3 ya zamani asiogope juu jina halijulikane.

Herufi ndogo yenye kuleta kilio

Kisha namba, mara nyingine kuna herufi. Watu wanaipita kama kitu bure, kumbe inaweza kukuharibia siku.

Herufi F, kama vile i3-10100F ao i5-10400F, inamaanisha kama prosesere hiyo haina sehemu ya kutosha picha. Inapashwa kuwekewa karti grafiki pembeni. Muuzaji akikuuzisha F ku bei ya chini, na mashini haina karti hiyo, utafika ku nyumba, utawasha, ventilatere itazunguka, na ekrani itabaki nyeusi. Utafikiri imekufa. Haikufa, haina macho. Na bei ya karti utakayoongeza itapita ile feza uliyofikiri umechunga.

Herufi T inasema kinyume cha tamaa: ni prosesere iliyotulizwa ili ile umeme kidogo, kwa kawaida wati 35. Kwa mugeni ni zaifu. Kwa mutu wa kwetu, anayeishi na delestaji, inaweza kuwa ya kuchagua kwanza. Tutarudia hapo.

Herufi K ni ya wale wanaotaka kusukuma prosesere kupita mwendo wake. Inakula umeme zaidi na inaomba ventilatere nzuri. Mutoto wa TFC haiitaji.

Windows imefunga mulango

Juu ya nini tunakazania kizazi cha 8? Kuna sababu ingine kupita mwendo. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft iliacha kutoa bure matengenezo ya usalama ya Windows 10 kama ilivyokuwa inafanya. Mashini haikuzimika siku ile, lakini matundu mapya yanayoonekana hayazibwe tena kama zamani. Kwa mwenye kuingiza klé USB za watu kumi kila siku mu sekretaria yake, hilo ni jambo la kuogopesha: virusi inahama kwa klé moja, inakula TFC za wengine.

Windows 11 nayo iko na masharti. Kwa Intel inaomba, kwa kawaida, kizazi cha 8 na kwenda mbele, na pia sehemu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, ram giga 4 na diski giga 64. Wauzaji wengine wanaiingiza kwa nguvu ku mashini ya kizazi cha 3 ao cha 4, na unaona picha nzuri ya Windows 11 ku ekrani. Inatembea, ndiyo. Lakini Microsoft yenyewe inasema kama mashini za namna hiyo hazina ahadi ya kupata matengenezo. Ni kama kupaka rangi mupya ku kamyo ya freni mbovu.

Kwa hiyo, mwenye kuwa na feza ya kununua mara moja tu mu miaka mingi aweke mustari wake pale: kizazi cha 8 kwa Intel, na kwa AMD kuanzia mashini kama Ryzen 3 3200G na kwenda mbele. Chini ya mustari huo, bei inapashwa kushuka sana, si kidogo.

Na mwenye kuwa tayari na mashini ya zamani asiitupe. Kuna Linux, kama vile Ubuntu na Linux Mint, ambayo ni ya bure na inapata matengenezo. Inakuja na LibreOffice, ambayo inaandika makaratasi na inafungua faili za Word na Excel. Pengine mistari ya kartasi inahama kidogo mu faili za wengine, lakini kwa barua, notes za masomo na PDF inatosha. Mashini ya kizazi cha 3 yenye Linux na diski nzuri inaweza kusomesha mutoto wa sekondari pasipo shida. Tunakataa kitu kimoja tu: kuilipa bei ya mashini ya 2018.

Kazi gani, nguvu gani

Mbele ya kwenda ku soko, kaeni mu nyumba, muulizane: itafanya kazi gani? Si kila kazi inaomba i7, kama vile si kila tundu linaomba dinamiti.

Kwa kuandika, kusoma PDF, kutuma mesaje na kupiga makaratasi ya watu, i3 ya kizazi cha 8 inatosha na kubakiza. Hata Pentium Gold G5400 ya mwaka 2018, ambayo wengi wanaizarau juu haina jina la Core, inafanya kazi hiyo. Mama wa sekretaria asilipe zaidi ku prosesere. Alipe ku emprimante nzuri, juu emprimante njo inaleta feza ya kila siku.

Kwa mutoto anayesomea Politekiniki ao jeolojia, mambo yanabadilika. Atakutana na AutoCAD, pengine na Surpac ile ya kuchora mugodi. AutoCAD, wakati wa kuchora, inaegemea sana moyo mumoja. Mwendo wa moyo ule una maana kupita wingi wa mioyo. Hapo tena prosesere ya karibuni, hata i3-10100 ao i3-12100, inapita i7 ya zamani. Kwa huyu tungesema afike ku i5 ya kizazi cha 8 ao zaidi kama feza inaruhusu, na ram giga 16.

Kwa mwenye kupanga video za ndoa na za kanisa, mioyo mingi inasaidia kweli. Huyo njo anaweza kutafuta i5 ao i7 yenye mioyo sita, kama vile i5-8500 ao i7-8700, na asijute.

Lakini kwa wote watatu kuna sheria moja: feza yote isiishie ku prosesere. Tuweke mufano. Muuzaji anakuambia uongeze dola 30 ili utoke ku i3 upande ku i5 ya kizazi kile kile. Mbele ya kutosha, uliza kwanza: ndani mwa mashini hii kuna diski gani? Kama ni diski ya zamani inayozunguka, ile dola 30 iende ku SSD. Mashini ya i3 yenye SSD na ram giga 8 inafungua mbio kuliko mashini ya i5 yenye diski inayozunguka na ram giga 4. Watu wengi wanaolia kama «prosesere ni zaifu» wanalilia diski.

Delestaji nayo iko mu hesabu

Kitabu cha Ulaya kinachoeleza namna ya kuchagua prosesere hakiseme sana juu ya umeme. Sisi tunapashwa kuanzia hapo. Ordinatere ya meza haina batri kama ile ya kubeba. SNEL ikikata, kazi yote isiyochungwa inakwenda, na diski inaweza kuumia. Ikirudi kwa nguvu, inaunguza alimentasio. Mwenye kununua ordinatere ya meza pasipo onduleri, ao hata kidogo regilatere, amenunua nusu ya kitu.

Na onduleri ndogo ya soko haivumilie mashini kubwa. Ukiiwekea unite santrali ya zamani na ekrani yake, unapata dakika chache za kuchunga kazi na kuzima. Njo maana tunasema herufi T si ya kuzarau. Kuna mashini ndogo, upana wake kama kitabu kinene, zilizotoka mu ofisi za Ulaya na Marekani: Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini. Nyingi zao ziko na prosesere za T. Core i5-8500T, kwa mufano, iko na mioyo sita na wati 35. Zinakula umeme kupitia sharjeri ya inje, kama ordinatere ya kubeba. Kwa nyumba yenye panneau ya jua na batri, tofauti ya wati 95 na wati 35 si maneno ya kitabu: ni saa za kazi kila mangaribi.

Wale wanaonunua prosesere peke yake, ili kuiweka mu mashini waliyo nayo, wajue jambo moja. Kila kizazi kina kiti chake ku karti mama. Kizazi cha 2 na cha 3 vinakaa ku kiti LGA 1155, cha 4 ku 1150, cha 10 ku 1200, cha 12 ku 1700. Mutego mukubwa uko ku LGA 1151: kizazi cha 6 na cha 7 vinatumikisha kiti chenye namba hiyo, na kizazi cha 8 na cha 9 pia, lakini karti mama za wale wa kwanza hazikubali wale wa pili. Inaingia, inakaa muzuri, na haiwake. Muuzaji atasema «uliona mwenyewe imeingia».

Namna ya kupima ku meza ya muuzaji

Metorex ya ordinatere haina bei, iko ndani ya mashini yenyewe. Mbele ya kutosha hata makuta moja, omba waiwashe. Kama umeme hauko, rudia siku ingine. Ikiisha kuwaka, finya pamoja Ctrl, Shift na Esc. Gestionnaire inafunguka, ingia pale panaandikwa Performance, kisha Processeur. Ku pembe ya juu jina lote na namba yote vinatokea. Andika mu telefone yako, ao piga picha. Usisome etiketi ya inje: etiketi ni kartasi, inabanduliwa hapa na kubandikwa pale.

Kama mashini haina Windows, ao inakataa kuwaka vizuri, jina la mashini linaweza kukusaidia. HP EliteDesk 800 G1 ni ya kizazi cha 4. G4 ni ya kizazi cha 8. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ni ya kizazi cha 3. OptiPlex 7060 ni ya kizazi cha 8. Angalia na ram: kama imeandikwa DDR3, ujue uko mbele ya muzee, hata akivaa suti.

Kisha iache itembee nusu saa. Fungua mambo mengi pamoja, sikiliza ventilatere. Vumbi ya Kolwezi na ya Likasi wakati wa kipwa inaziba mashini, na prosesere yenye joto kali inapunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Ukisikia inalia kama tingatinga na wewe unafungua kartasi moja tu, omba waifungue mubavu, uone. Kusafisha si kitu kikubwa, lakini kunapashwa kuingia mu bei.

Mwisho, fakture. Iandikwe namba yote ya prosesere, si «i5» tu. Iandikwe ram, diski, na siku za garanti. Muuzaji anayekataa kuandika namba aliyoisema kwa kinywa amekupa jibu lako.

Kwa wauzaji, na kwa kampuni

Hatutaki kuweka wauzaji wote mu kapu moja. Wengi wao wananunua mashini kwa wingi, wakati mwingine ku Dubai, pasipo kufungua kila moja. Wanalipa safari ndefu ya Zambia, wanalipa duane, wanalipa na mashini zinazofika zimevunjika. Kontena haijali kama ndani mwa unite santrali kuna prosesere ya 2011 ao ya 2018: uzito ni ule ule, na safari ni ile ile. Tunaelewa tamaa ya kutaka kila moja irudishe feza ile ile. Lakini muzigo huo wote haukupashwa kulala ku mabega ya mununuzi asiyejua.

Tena huku kwetu mununuzi hana nafasi ya pili. Mutu wa Fungurume aliyenunua Lubumbashi hatarudi juma linalofuata kubadilisha. Nauli tu inamuvunja. Na feza ya mugodi, wengi wanajua namna inavyokuja: mara moja, yote pamoja, kisha kimya. Wazee wetu wa Gécamines hawajasahau mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa ule mupango wa kuondoka kwa mapenzi, na feza ya Benki ya Dunia. Kuna nyumba ambazo feza ile ilinunua kitu kinachosimama mupaka leo. Kuna nyingi ambazo ilinunua vitu vya kungaa, na kisha mwaka haikubaki hata alama. Watoto wa wazee wale njo wanapokea dekonti leo mu kampuni zingine. Ordinatere ni kitu kidogo mu hesabu hiyo, lakini inaonyesha kama tumejifunza.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linaloomba sheria mupya kutoka Kinshasa.

La kwanza ni kwa wauzaji na komite za masoko: juu ya kila mashini ya okazio, bandikeni kartasi yenye namba yote ya prosesere, ram na diski. Kartasi na bike, basi. Muuzaji wa kweli atapata faida, juu mashini yake ya kizazi cha 8 haitalinganishwa tena na ya kizazi cha 2 ku meza ya jirani.

La pili ni kwa kampuni za mugodi zinazobadilisha ordinatere za ofisi. Mashini mnazotosha, mara nyingi zikiwa zimechungwa vizuri mu chumba chenye hewa baridi, ziuzeni kwanza kwa wafanyakazi wenu na kwa masomo ya kartie, pamoja na liste ya namba zao, mbele hazijaingia mu mikono mitano na kurudia kwa mufanyakazi yule yule na bei ya mara tatu.

La tatu ni kwetu sisi wanunuzi. Usiende peke yako kama hujui. Peleka kijana wa lupango anayejua, lakini asiwe rafiki wa muuzaji. Usione haya kuuliza namba. Mutu anayesimama mbele ya munegosia na kusema «pima tena, tenere hii si ya kweli» hawezi kuogopa kusema mbele ya meza ya ordinatere: «Washa, nione kizazi.» Neno ni lile lile, na feza ni ile ile, ile iliyotoka chini ya udongo.